Pembe Ililia Siku ya Alhamisi

Nianze kwa kukiri mwenyewe, asije mtu mwingine akakusimulia vibaya: mimi ndiye niliyekataa kutia sahihi fomu ya Justa. Si karani wa Same, si Chama, wala si majirani wenye kijicho. Ni mimi, Eliamini, mwenyekiti wa kijiji cha Msindoni, baba yake mkubwa, niliyemshika mkono kumpeleka darasa la kwanza. Nilikataa mara mbili, na mara zote mbili nilikula chakula changu vizuri tu.

Ilikuwa Aprili mwaka 1976, masika yamekolea. Justa, binti wa mdogo wangu Aminieli, alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, yuko nyumbani anasubiri. Alitaka kwenda kusomea uganga, ule wa kuhudumia zahanati za vijijini. Alama zake zilikuwa nzuri, hilo sikatai. Lakini siku zile alama peke yake hazikumfikisha mtu mbali. Fomu ilikuwa na ukurasa wa pili: mwombaji aeleze kwa nini anaitaka kazi hiyo, na chini yake mwenyekiti wa kijiji aandike mwombaji ameonyesha uongozi gani mbele ya wananchi, kisha atie sahihi na mhuri. Pasipo maneno ya mwenyekiti, fomu ilifaa kufungia chumvi tu. Na ilitakiwa ifike Same kabla ya mwisho wa mwezi.

Aliniletea alasiri moja, mimi niko zizini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Nikanawa mikono, nikasoma. Alikuwa ameandika hivi: "Ninataka kuwa kiongozi. Ninajua nina uwezo wa kuwaongoza watu na kuwasaidia, na sitaki kukaa nikingoja mwingine aanze."

Nilisoma mara tatu, nikasikia masikio yananiwaka moto. Msichana wa miaka kumi na tisa! Hajapewa hata kusimamia foleni ya watoto kisimani, anaandikia serikali kwamba ana uwezo.

"Nani alikufundisha kuandika namna hii?"

"Nimeulizwa, baba mkubwa. Nimejibu nilichoulizwa."

"Ukiulizwa ndio ujisifu?"

"Nisiposema mwenyewe, nani atanisemea?"

"Watu."

"Basi nisemee wewe. Nafasi yako iko hapo chini."

Nikamrudishia karatasi yake.

Usinione mkorofi bure. Kwetu mtu hajitangazi. Akitakiwa asimamie mfereji, anasema hapana, yuko mwenzake anayefaa zaidi. Anaombwa tena, anasema mgongo unamsumbua. Mara ya tatu ndipo anakubali huku ananung'unika. Mimi mwenyewe niliposimamishwa kuwa mwenyekiti nilikataa mara tatu mbele ya mkutano, na shati la kuvalia siku hiyo nilikuwa nimelifua na kulipiga pasi tangu juzi yake. Ndiyo heshima. Halafu anakuja mtoto wa ndugu yangu na kuandika "ninataka", kwa wino, mwandiko wa kupendeza, bila hata kukata neno moja.

Tena kulikuwa na suala la undugu. Wiki chache kabla ya hapo nilimsema mwenyekiti wa kijiji cha jirani, mkutanoni, kwa kumwingiza mpwa wake kwenye duka la ushirika. Nilimsema sana, na niliona raha. Sasa nami nimwandikie binti wa Aminieli sifa ambazo hakuna aliyeziona?

Mara ya pili alikuja Aminieli mwenyewe, kofia mkononi. Nikamwambia, "Kwanza mtoto afanye jambo ambalo watu wataliona."

"Afanye nini, kaka? Ni msichana."

"Si ndiye anayesema anaweza?"

Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Sasa, huwezi kuelewa kosa la Justa kabla hujaelewa pembe. Nyumbani kwangu, ukutani, ilitundikwa pembe ya tandala aliyoniachia baba, naye aliachiwa na baba yake. Ndiyo ya msaragambo. Ikilia alfajiri, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe moja, na kazi ni ya wote: kuzibua mfereji, kuondoa tope kwenye bwawa la kumwagilia tunaloliita ndiva, kutengeneza barabara, kujenga shule. Asiyetokea anatozwa debe la mahindi la kuwapikia waliotokea. Siku yetu ilikuwa Jumanne, na mpigaji alikuwa mimi, basi. Na sharti moja lilishinda yote: pembe hailii kwa ajili ya nyumba moja. Paa lako limeezuliwa na upepo, waite ndugu zako. Una mgonjwa, ukoo wako ndio umbebe. Baba aliwahi kumtoza faini rafiki yake mpenzi kwa sababu alimshawishi kijana apige pembe siku ng'ombe wake alipotumbukia korongoni.

Hapo kijijini alikuwepo fundi mmoja, Swalehe, mtu wa Lindi. Alikuwa kibarua wa mkonge huko chini tambarare miaka mingi. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa akaja kuomba kiwanja, tukampa. Alikuwa mpole, akitengeneza milango ya watu wote, na mkewe Mwanakheri alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Tuliwaita ndugu. Siku zile kila mtu alikuwa ndugu, hasa mkutanoni.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilikuwa Same kwenye mkutano wa wenyeviti. Nilirudi Alhamisi, nikapanda basi la alfajiri, nikashuka Maore, nikaanza kupanda mlima kwa miguu, kwa vijia vya mkato vilivyo mbali na barabara. Nilikuwa nimeipita hospitali ya Gonja, nakaribia nusu ya njia ya kijijini, yapata saa tatu na nusu, niliposikia pembe.

Nilisimama. Pembe yangu naifahamu kama kikohozi cha mke wangu. Lakini aliyeipiga hakujua kuipiga. Ilikuwa inakoroma, inakatika, inaanza tena. Alhamisi! Saa tatu na nusu! Mimi niko njiani na koti la mkutano! Nilipanda mlima ule kwa hasira tupu, na umri ule miguu yangu ilikuwa tayari ina malalamiko yake.

Kijia kiliponitoa barabarani, chini kidogo ya shamba la migomba la Tumainieli, nilikuta Landrova ya hospitali imesimama na mbele yake hakuna barabara. Usiku mlima ulikuwa umeteremka na mvua, tope na mawe yamefunika mahali papana kiasi cha uwanja wa mpira. Kando ya gari alikuwepo Fanueli, mwinjilisti wetu, suruali imelowa hadi mapajani.

"Kuna nini? Nani anachezea pembe?"

"Mke wa Swalehe," akasema, akihema. "Uchungu umemshika tangu juzi, mtoto hatoki. Bibi Rogathe mkunga kasema afikishwe hospitali upesi, la sivyo tutawazika wote wawili. Swalehe alikwenda kugonga milango ya watu. Huyu kasema mwite kwanza fulani, yule kasema ngoja mvua ipungue, mwingine kauliza ndugu zake wako wapi. Ndipo Justa akaniambia, mwinjilisti, wewe una mbio, kalete gari hadi kwenye maporomoko. Kisha akaingia nyumbani kwako."

Sikungoja amalize. Nikavuka tope lile kwa kushika mizizi na kutukana kimoyomoyo, ingawa mwinjilisti alikuwa karibu.

Upande wa pili nilikuta watu sitini, labda zaidi. Wote na majembe, maana pembe ikilia mkono unachukua jembe kabla kichwa hakijauliza. Walikuwa wamepangwa mstari mmoja ubavuni mwa mlima, wanakata njia juu ya tope, upana wa watu wawili. Nyuma yao wengine waliweka mawe na magogo ya migomba. Chini ya migomba palikuwa na machela ya miti na mablanketi, na juu yake Mwanakheri, amefunikwa turubai. Bibi Rogathe amemshika mkono. Swalehe amesimama pembeni, midomo mikavu. Na juu ya jiwe, kitenge kimekazwa kiunoni, pembe ya babu yangu imening'inia mgongoni kwa kamba ya katani, alikuwa Justa.

"Nani amepiga pembe yangu?"

Majembe yakasimama. Watu wengi walidhani ni mimi niliyewaita, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nauliza.

"Mimi, baba mkubwa."

"Kwa kazi gani ya kijiji?"

"Hii." Hakuonyesha tope. Alionyesha machela.

"Hiyo ni nyumba moja, Justa! Huyo ni mke wa Swalehe!"

"Ukoo gani hapa umbebe?"

Niligeuka kumtazama Swalehe.

"Ukoo wake uko Lindi," Justa akasema. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na mimi niliisikia, ila hakushuka kwenye jiwe. "Mgonjwa mwenye ukoo hapa ni wa ukoo wake. Huyu asiye nao ni wa nani, kama si wa kijiji? Ningegonga milango wangekuja mikono mitupu, kesho. Nilitaka majembe, na nilitaka leo. Kosa nalijua. Nitalijibu mkutanoni." Halafu akawageukia watu. "Jamani, nani kasema mpumzike?"

Majembe yakaanza tena. Nataka uelewe: sikuwa nimesema neno. Watu sitini walianza kazi huku mwenyekiti wao amesimama amefumbua mdomo.

"Baba mkubwa, zamu ya nne ya wabebaji ina watu saba, anapungua mmoja. Vua koti."

Nikavua koti. Hadi leo sijui kilichonivua.

Njia ilipofika ng'ambo tukaanza kubeba, na hapo niliona jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuliona. Sisi tunabeba mgonjwa kiukoo, kaka na kaka, shemeji na shemeji, mrefu na mfupi pamoja, na kwenye mteremko mgonjwa anateleza kuelekea mbele, anaumia. Justa alikuwa amewapanga watu kwa kimo. Warefu upande wa chini, wafupi upande wa juu, ili machela ikae sawasawa. Hakuuliza huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Mimi nikajikuta bega kwa bega na Tumainieli, ambaye tulikuwa hatujasalimiana kwa miaka miwili kwa sababu ya zamu ya maji ya ndiva. Kwa bahati mbaya vimo vyetu ni sawa kabisa.

"Hatua ndogo," Tumainieli akanong'ona. "Kuna jiwe."

"Naliona."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza.

Justa alitembea kando akihesabu hatua kwa sauti. Zikifika mia, zamu inabadilika bila machela kugusa chini. Mwanakheri hakupiga kelele. Alikuwa anaguna tu, na kila akiguna Justa aliinama na kumwambia bado kidogo, dada, gari naliona, ingawa kwa muda mrefu gari halikuonekana. Tulipoivuka sehemu mbaya zaidi, tope limetufika magotini, nilisikia mtu nyuma yangu anacheka peke yake kwa furaha, na nilijua kwa nini, maana na mimi nilitaka kucheka.

Landrova ilimchukua na kuondoka na Swalehe na mkunga. Mgonjwa amefika garini, kazi imekwisha. Ungetegemea watu warudi kwao. Hawakurudi. Tulishuka wote kwa miguu mpaka hospitali, tumejaa tope, majembe mabegani. Tukakaa kwenye majani nje ya uzio kama watu waliokuja kudai kitu. Mwanakheri alipelekwa kupasuliwa. Saa nane na dakika chache akatoka muuguzi akasema mtoto ni wa kiume, mama yuko hai, na tafadhali tusiingie na tope lile wodini.

Wanawake walipiga vigelegele. Swalehe alitoka akatushika mkono mmoja mmoja, watu wote wale, na mimi akanishika mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Nami niseme wazi: nilijivuna. Nilijivunia kijiji changu, nilijivunia bega langu lililochubuka. Na yule msichana aliyekaa mbali kidogo akijaribu kufuta pembe kwa majani mabichi, nilimjivunia kuliko vyote. Sikumwambia. Nilimwambia, "Pembe haifutwi hivyo, utaiharibu."

Lakini kosa ni kosa, na Jumamosi tukakaa mkutano. Nilisoma shtaka mwenyewe: amepiga pembe bila idhini, siku isiyo yake, kwa ajili ya nyumba moja. Katibu wetu, kijana anaitwa Method, akainuka upesi.

"Ndugu mwenyekiti, napendekeza tumsamehe. Ameokoa roho mbili. Tumtoze faini kwa hilo?"

Watu wakapiga makofi. Nami, nisikufiche, nilishusha pumzi. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, na Method alikuwa ameufungua.

Justa akanyoosha mkono.

"Nashukuru, lakini mnitoze."

Method akaketi.

"Mkinisamehe leo, mwezi ujao mtu ataipiga kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na ataleta sababu nzuri kuliko yangu. Pembe ile watu waliitikia kwa sababu hailii ovyo. Ingekuwa inalia ovyo, Alhamisi wasingekuja, na Mwanakheri angefia pale kwenye migomba. Nilijua sharti nilipoishusha ukutani. Debe liko nje, nimekuja nalo."

Kweli lilikuwa nje. Aminieli alikuwa amelisimamia mlangoni, anatazama chini, na mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia kwa aibu. Alipoinua uso niliona analia kwa fahari.

Bibi Rogathe akasimama kwa fimbo yake, akasema debe lipokelewe, na papo hapo kijiji kiongeze sharti: kuanzia leo, mgonjwa asiye na ukoo hapa pembe itamlilia, siku yoyote, saa yoyote. Tukapiga kura kwa mikono. Mkono wa Tumainieli nao ulikuwa juu, na alinitazama kuona kama wangu uko juu pia.

Jumatatu nilimwita Justa nikamwambia alete fomu. Akaja nayo, na akaniambia kwa heshima kwamba kama yale maneno yake ya "ninataka kuwa kiongozi" yananiudhi, yuko tayari kuandika upya, aweke kwamba angependa kujifunza kuwa mtumishi mnyenyekevu.

"Ukilifuta hata neno moja," nikamwambia, "sitii sahihi."

Nikakaa na kalamu asubuhi nzima. Nafasi ile ilikuwa na mistari sita. Nilijaribu kuanza na barabara, nikajaribu kuanza na mgonjwa, nikaona yote yanasikika kama ripoti. Mwishowe nikaandika mstari mmoja, nikatia sahihi, nikagonga mhuri. Sikuituma kwa posta. Niliipeleka mwenyewe Same, siku moja kabla ya mwisho wa mwezi.

Karani aliyeipokea alikuwa kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akakunja uso.

"Mzee, hapa pana upungufu. Tunauliza mwombaji ameonyesha uongozi gani. Wewe umeandika, 'Alinipa zamu, nikabeba.'"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Si uongeze kidogo? Kwamba ana moyo wa kujitolea, ana siasa safi, anashirikiana na wananchi. Wenzako wote wanajaza mpaka chini."

"Kijana," nikamwambia, "wewe ulishaamriwa na binti wa miaka kumi na tisa, mbele ya kijiji kizima, kosa ni lake na mwenyekiti ni wewe, ukavua koti?"

Akanitazama, akaitazama fomu.

"Hapana, mzee."

"Basi pokea hivyo hivyo."

Akaipokea.